Daktari Aliyezungumza na Stendi ya Dripu

Kwanza kabisa, msiegemee kitanda. Kitanda hakipo. Mtakapovaa ile miwani ya kompyuta mtakiona, kimetandikwa shuka la bluu na mgonjwa yuko juu yake anahema, na mkono wenu utataka kupumzika pale pembeni kama ulivyozoea wodini. Msiukubalie. Nimemwona daktari mtu mzima, mwenye tai, akiegemea kitanda kile na kutua sakafuni kama gunia la mpunga, na huko chini akaendelea kuagiza oksijeni. Nilimpa alama nzuri. Mtu anayeweza kuongoza timu akiwa amelala chali ana kipaji.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoanza kazi ya kupima madaktari wa dharura kwa wagonjwa wa kompyuta, kwa sababu nimeifanya hapa Kyela mpaka nilipostaafu kwa hiari, nikiwa na miaka hamsini na mitano na magoti ya miaka sabini. Nina shahada. Nalisema hili mapema kwa sababu mbele kidogo mtaanza kulitilia shaka.

Mimi ni muuguzi. Siku za mwanzo madaktari walipoingia kupimwa walinikabidhi makoti yao nitundike. Niliyatundika. Kisha nilikaa kwenye kiti cha msahihishaji, nikawasha kompyuta, na nyuso zao zikabadilika kwa namna ambayo hakuna mshahara unaoweza kuilipia.

Hatukuwa tunapima kama daktari anajua dawa. Hilo alishapimwa chuoni na watu waliomzidi miwani. Sisi tulipima yale ambayo hayamo kwenye kitabu cha dawa: anaongeaje na mgonjwa, anagawaje kazi, anaona chumba kizima au anaona kidonda tu, akiambiwa na aliye chini yake kwamba amekosea anashukuru au anavimba. Daktari anaweza kujua kila mshipa wa mwili wa binadamu na bado akampoteza mgonjwa kwa sababu alisema "leteni kile kitu" na watu watatu wakaleta vitu vitatu.

Chumba chetu zamani kilikuwa stoo ya vyandarua. Katikati tulichora duara kwa chaki, na ndani yake daktari alisimama na miwani yake, akiona chumba cha dharura ambacho sisi wengine hatukukiona. Kwetu alionekana mtu anayepapasa hewa. Mgonjwa alikuwa picha ya kompyuta, lakini sauti yake ilitoka kwa mtu halisi aliyekaa chumba cha jirani na kipaza sauti, akijibu maswali kwa kufuata maelezo tuliyompa. Muuguzi naye alikuwa picha, dada mrembo aitwaye Sista Neema. Sauti ya Sista Neema ilikuwa ya Fundi Hamisi.

Hamisi ndiye aliyeendesha mitambo. Alikuwa ameletwa kikazi kutoka Tanga, mwanamume wa miraba minne mwenye ndevu, na alipobana koo ili awe Sista Neema, hata mimi niliyemwona nilikuwa najikuta namheshimu kama dada. Kuna daktari alimaliza mtihani akaniuliza, kwa haya, kama Sista Neema ameolewa. Nilimwita Hamisi aje ajibu mwenyewe.

Aliyenifundisha kazi hii ni marehemu Sista Lugano, ambaye alikuwa ameishi chumba cha dharura maisha yake yote na hakuwa na subira na watu wenye shahada. Mtihani wangu wa kwanza nilimpa daktari mmoja alama zote kwa sababu alikuwa na sauti kubwa. Sista Lugano aliangalia fomu yangu, akaniangalia mimi.

"Gwakisa, huyu umempa alama za nini?"

"Uongozi, Sista. Alikuwa anaamrisha vizuri."

"Jogoo naye anaamrisha. Uliona mtu yeyote amefanya alichoambiwa?"

Sikuwa nimeona. Nilikuwa nimemwangalia yeye tu. Toka siku hiyo alinikalisha kinyume, mgongo kwa daktari, niangalie kioo cha kompyuta kinachomwonyesha Sista Neema peke yake. Aliniambia, ukitaka kujua kama mtu amesema vizuri usimtazame msemaji, mtazame aliyeambiwa. Fanyeni hivyo. Daktari mzuri anaagiza kwa jina, aliyeagizwa anarudia agizo, kisha anasema limekwisha. Mengine yote ni kelele.

Mtajifunza pia kwamba mashine hizi hutengenezwa na watu wasioijua Kyela. Mgonjwa wa kwanza tuliyeletewa alipangiwa kufa haraka asipohudumiwa, na madaktari wetu wakawa wanamuua kwa salamu. Daktari anaingia: "Mugonile, tata." Mgonjwa anajibu. "Nyumbani hawajambo? Mpunga umesimama? Maji yamepungua huko Busale?" Na kule juu kwenye kioo presha inashuka. Wageni walioleta mashine walitaka tuandike kwamba madaktari wa Kyela hawana uharaka. Sista Lugano aliwaambia kwamba mzee wa huku usipomsalimia hatakuambia ukweli hata akivuja damu, kwa hiyo wao ndio hawana uharaka. Hamisi akamwongezea mgonjwa uhai wa kutosha salamu fupi moja, bila mpunga. Tukakubaliana.

Mvua nayo mtaizoea. Ikipiga bati letu, hakuna anayesikia kitu. Siku moja daktari mpole kuliko wote alilazimika kumpigia mgonjwa kelele, "MAMA, POLE SANA! UNA HOFU?" na mama wa chumba cha jirani akajibu, "SANA!" Waliokuwa wanapita nje walitawanyika.

Sasa niwaambie jinsi nilivyomfelisha daktari bora niliyewahi kumpima.

Aliitwa Daktari Tusekile. Alikuwa binti wa Ndandalo, mwembamba, mwenye kicheko cha kuangusha vikombe. Kitengo cha dharura kilikuwa kinatafuta mkuu, na kila muuguzi aliyefanya naye kazi alimtaka yeye. Kilichobaki kilikuwa mtihani wetu tu. Akipita, kiti ni chake. Akishindwa, analetwa mkuu kutoka mkoa mwingine, mtu tusiyemjua, na yeye anabaki kusubiri mpaka kiti kiwe wazi tena, jambo ambalo kwenye hospitali zetu linaweza kukukuta na mvi.

Kisa nilichomwandalia kilikuwa cha mzee mwenye maumivu ya kifua. Kwa sauti ya mzee nilimchukua mtu wa kanisani kwetu, Mzee Ambakisye wa Makwale, mkulima wa kakao na besi wa kwaya. Akiimba, mabenchi ya nyuma yanatetemeka. Nilimweleza kisa, akakipenda mno, akafanya mazoezi ya kulalamika mbele ya mke wake mpaka akafukuzwa ndani. Majina ya madaktari hatukuwaambia wenye sauti. Ilikuwa siri ya mtihani.

Tusekile akavaa miwani, akaingia kwenye duara. Hamisi akafungua sauti. Mzee Ambakisye akaanza: "Aaah, kifua changu! Jamani, kifua!" Besi ikajaa chumba.

Tusekile akaganda. Halafu, polepole, akampa mgonjwa mgongo.

Niliandika kwenye fomu: hamtazami mgonjwa.

"Sista Neema," akasema, sauti imeshuka, "tafadhali uliza maumivu yameanza lini."

Hamisi akabana koo: "Mzee, maumivu yameanza lini?"

"Tangu asubuhi, nikipalilia."

"Sista Neema, mpe aspirini atafune. Rudia nilichosema."

"Aspirini, atafune. Tayari, Daktari."

Mwendo mzuri kabisa, isipokuwa daktari alikuwa anaongoza akiutazama mlango. Nikangoja mtego wangu. Katikati ya kisa kile nilikuwa nimepanga Sista Neema atumwe kuleta mashine ya kupima moyo, daktari abaki peke yake na mgonjwa, nione anavyozungumza naye. Hamisi akamtoa Sista Neema. Tusekile akabaki, yeye na mzee na hewa.

Kisha akageuka nusu, akainua uso kuelekea kitu ambacho kwenye kioo changu kilikuwa stendi ya dripu.

"Stendi," akasema. "Kama humu ndani kungekuwa na mtu anayeumwa kifua, angesema maumivu yanaelekea wapi?"

Niliacha kuandika. Kwenye spika mzee alikohoa. Halafu besi ikatoka, ya upole ajabu:

"Stendi, mwambie anayekuuliza kwamba yanakwenda mkono wa kushoto, mpaka kwenye taya."

"Stendi, mtu huyo kuna dawa inayomdhuru?"

"Stendi, hakuna. Ila uji wa hospitali haupendi."

Hamisi alikuwa ameinama chini ya meza, mabega yanaruka, ndevu zimeloa machozi. Mimi nilibaki mzito kama jiwe la kusagia. Kwenye fomu kulikuwa na swali moja la lazima, ambalo ukijibu hapana mtahiniwa ameanguka hata kama mengine yote amepata: amezungumza na mgonjwa moja kwa moja? Nilijibu hapana. Nikabonyeza tuma. Kwenye mfumo ule ukishatuma, umetuma.

Hili liandikeni ukutani: usitume fomu kabla ya kuketi na mtahiniwa mkazungumza. Sista Lugano alikuwa amenifundisha. Nilituma kwa sababu nilikuwa na njaa.

Ikafika saa ya kupongezana. Ilikuwa desturi yetu mwenye sauti kuja kumpa daktari mkono. Mlango ukafunguka, Mzee Ambakisye akaingia ameshika kofia. Tusekile alikuwa bado na miwani usoni. Aliposikia hatua zile alikimbia, wala hakuivua, akaenda moja kwa moja ndani ya kabati la vyandarua, akajifungia.

Mzee akatazama kabati. Akavaa kofia yake.

"Nilijua," akasema. "Mtu anayenyamaza namna ile akinisikia ni mkamwana wangu tu."

Tusekile alikuwa mke wa mtoto wake. Na mimi, Mnyakyusa wa kuzaliwa, mwenye shahada, sikuwa nimewaza hata dakika moja kuuliza. Kwa Hamisi ilibidi nieleze: kwa mila yetu, mwanamke na baba mkwe wake hawatazamani, hawasemeshani. Akipita mlango huu, yeye anatoka kwa ule. Siku hizi nyumba nyingi zimeliacha jambo hilo, wengine wanakula meza moja na kupigiana simu, lakini nyumba ya Mzee Ambakisye ilikuwa haijaliacha, na Tusekile alikuwa amelishika tangu aolewe, miaka minne, kwa sababu aliwapenda.

"Kwa hiyo miaka minne hajawahi kumwambia hata shikamoo?" Hamisi akauliza.

"Hata shikamoo."

"Na leo amemtibu?"

"Leo amemtibu."

"Sasa wewe umemwekea ngapi?"

Nilikuwa naitazama ile kompyuta kama mtu aliyeposti barua ya kuacha kazi kwa makosa.

Baada ya mzee kuondoka, kabati lilifunguka. Nilimwomba radhi. Nikamwambia nitaiandikia kamati ya mtihani barua ndefu, nitaeleza mila, wabadili jibu. Nilijiona mtu mwema sana.

"Kaka Gwakisa, usiandike," akasema. Alikuwa na utando wa buibui kichwani. "Jibu lako ni sahihi. Nimeanguka."

"Umeanguka kwa heshima, Daktari. Si kwa kutojua."

"Baba alijibu stendi kwa sababu akili zake zilikuwa timamu na anajua mila. Angekuwa amechanganyikiwa, angejibu nani? Angekuwa anakata roho, na Sista Neema yuko nje, mimi ningekuwa naongea na chuma?"

Hamisi, aliposikia jina lake la kazini, akajikuna ndevu.

"Naomba kurudia," akasema. "Kisa kilekile. Na sauti ileile."

"Sauti ileile? Tutakutafutia mtu mwingine. Hamisi anaweza..."

"Nikifaulu na Hamisi nimefaulu nini? Hamisi naweza hata kumtukana."

"Kweli, ananitukana," Hamisi akasema.

Kamati ikakubali arudie mara moja, isiwe zaidi. Kazi iliyobaki ikawa yangu: kwenda Makwale kumwomba mzee. Nilimkuta anageuza kakao juani kwa reki ya mbao, kibarazani mke wake anachambua mchele. Harufu ya kakao iliyochachuka ilinipanda kichwani nikasahau hotuba niliyoandaa. Nilisema tu, Mzee, mkamwana wako atashindwa kiti asipokusemesha.

Aliendelea kugeuza kakao.

"Mila ni yangu na yake. Wewe na kompyuta yako mmeingilia wapi?"

"Tumeingilia dirishani, Mzee. Naomba radhi."

"Kuogopana kule ni heshima. Baba yangu na huyu mke wangu waliishi hivyo. Niivunje kwa ajili ya picha?"

Mke wake hakuinua macho kwenye ungo. "Wewe Ambakisye, siku ile ulikuja hapa unacheka mwenyewe kutwa nzima. Ukaniambia mtoto ana akili, amekuuliza mpaka kwenye taya. Leo unajifanya hujafurahi."

"Nimesema sijafurahi?"

"Sasa ukiumwa kweli, utapelekwa kwa nani? Kwa stendi?"

Mzee akasimamisha reki. Alifikiri muda mrefu, mpaka kuku akapanda juu ya kakao na hakuna aliyemfukuza.

"Nikifa kwa heshima," akasema hatimaye, "hii kakao ataianika nani?" Akanigeukia. "Huko ndani mimi si mkwe wa mtu. Mimi nani vile?"

"Mzee mwenye maumivu ya kifua."

"Basi. Mkamwana wangu atabaki nyumbani. Huko aende daktari. Mwambie mama yake mkwe ndiye ametoa ruhusa, ili nisionekane nimelegea."

Siku ya marudio ikafika. Nimepima watu wengi, lakini siku hiyo niliyekuwa napimwa ni mimi. Kama angeshindwa, kosa la kuwakutanisha watu wale wawili kwenye chumba kimoja lilikuwa langu tangu mwanzo. Hamisi alijaribu kipaza sauti mara nne. Tusekile akavaa miwani, akaingia kwenye duara.

"Aaah, kifua changu!" besi ikasema.

Akamgeukia. Akafungia mikono mgongoni. Akapiga hatua mbili mpaka pale kitanda kilipo, ambapo hakipo, na hakukiegemea.

"Baba, shikamoo," akasema. "Mimi ni Daktari Tusekile. Leo niko na wewe hapa. Niambie, maumivu yako wapi?"

Spika ikanyamaza. Ikanyamaza sana. Hamisi akagonga mashine, akanionyesha kwa mikono kwamba sauti iko wazi, tatizo ni mgonjwa. Presha kwenye kioo ikaanza kushuka yenyewe, kama ilivyopangwa daktari asipopata majibu.

"Baba, unanisikia? Nakuhitaji unijibu. Nijibu sasa hivi."

Mkamwana amemwamuru baba mkwe. Nilifumba macho.

"Marahaba," besi ikasema, imekwaruza. "Marahaba, Daktari. Ndaga fijo, asante sana." Halafu, kama mtu aliyekumbuka kazi iliyomleta: "Hapa kifuani, mwanangu. Kumebana."

Baada ya hapo sikuandika, nilitia tiki tu. Aliuliza, akasikiliza, akamweleza anachofanya na kwa nini. Sista Neema alipotoka nje, alisogea karibu zaidi, akamwambia asiogope, hatamwacha peke yake. Nilipopanga Sista Neema akosee dozi, alimsikia, akamsahihisha kwa upole na kumshukuru kwa kurudia. Presha ikapanda. Mapigo yakatulia. Taa ya kijani ikawaka: mgonjwa amepona, kisa kimekwisha.

"Vizuri, baba," Tusekile akasema. "Umetulia sasa. Kuna jambo lingine linakusumbua?"

Hilo halikuwa kwenye maelezo. Ni adabu ya daktari tu. Kwenye karatasi ya mzee paliandikwa kwa herufi kubwa: JIBU HAPANA.

"Lipo," mzee akasema. "Goti."

Hamisi akaniangalia. Mimi nikaangalia dari.

"Goti lipi, baba?"

"La kulia. Likitoka hilo, linahamia la kushoto. Na usingizi. Usingizi nao siku hizi..."

Akamuuliza habari za usingizi. Akamjibu kwa kirefu. Kutoka hapo wakaingia kwenye jino, wakapitia mgongo, wakafika homa moja aliyougua akiwa kijana ambayo, kwa maelezo yake, haijawahi kueleweka vizuri na mganga yeyote. Tusekile aliuliza kila swali kama inavyotakiwa, sauti imeanza kujaa kicheko, na kule chumba cha pili besi ilikuwa inacheka tayari. Watu wawili wa nyumba moja, ukuta mmoja katikati yao.

"Nimzime?" Hamisi akaninong'oneza, kidole kiko juu ya kitufe. "Mgonjwa amepona kitambo."

"Ukimgusa," nikamwambia, "nitakufelisha wewe."

"Haya, baba," Tusekile akasema, anajifuta machozi chini ya miwani. "Sasa tumemaliza?"

"Bado, Daktari," mzee akasema. "Hatujafika kwenye macho."